Kwaya ya Hekalu la Dagoni

Hotuba iliyotolewa na mwanakwaya mstaafu wa sauti ya nne katika ibada ya mkesha wa Jubilei ya miaka 50 ya kwaya yetu

 

Mwalimu wa kwaya aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, tuzungumzie uimbaji katika Biblia, lakini usituweke sana." Nadhani alitarajia nije na Daudi na kinubi chake, au Asafu na wana wa Kora, au Paulo na Sila gerezani. Hao tumewasikia kila Jumapili ya kwaya tangu nikiwa kijana. Usiku huu ningependa kuwapeleka mahali pengine ambapo watu waliimba kwa nguvu, kwa umoja na kwa furaha kubwa, nyumba ikajaa hadi juu ya paa. Mahali hapo ni hekalu la Dagoni, mungu wa Wafilisti, kule Gaza. Mkitaka kufuata, fungueni Waamuzi sura ya 16, kuanzia mstari wa 23.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Sisi tuliosoma shule ya Jumapili tunawajua Wafilisti kwa mtu mmoja tu, Goliathi, na yeye tunamjua kwa jiwe lililompiga kwenye paji la uso. Lakini Wafilisti walikuwa taifa. Walikuwa na miji mitano mikubwa: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Gathi na Ekroni, kila mmoja na mkuu wake. Walifika pwani ile kutoka upande wa Ugiriki na visiwa vyake, karne ya 12 kabla ya Kristo. Farao Ramses wa Tatu aliacha michoro ya vita vyake nao kwenye kuta za hekalu lake huko Medinet Habu, Misri, na michoro hiyo ipo hadi leo. Walikuja na ufinyanzi wao na mapishi yao. Lakini Dagoni hawakuja naye. Dagoni alikuwa ameabudiwa kando ya mto Frati zaidi ya miaka elfu moja kabla yao. Walipokaa katika nchi, wakamchukua mungu wa wenyeji wakamfanya wao.

Wengi wetu tumeona picha za Dagoni akiwa nusu mtu, nusu samaki. Hayo ni maelezo ya zamani ambayo wataalamu wengi wa leo wameyaacha. Katika Kiebrania neno linalofanana na jina lake, dagan, maana yake ni nafaka, na wengi humwona kama mungu aliyehusishwa na mazao ya shamba. Shikeni neno hilo, nafaka, kwa sababu tutalihitaji.

Na walikuwa waimbaji. Huko Ashdodi wachimbuaji walipata kifaa cha ibada cha udongo, cha karibu wakati wa Samweli na Daudi, ambacho kimezungukwa na sanamu ndogo za wanamuziki watano. Kuna wa zumari na kuna wa kinubi. Nilipoona picha yake mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana wamesimama wamebanana kama sisi tunavyobanana pale mbele siku ya Krismasi. Mtu fulani alikaa chini miaka elfu tatu iliyopita akafinyanga kwaya yake kwa upendo.

Na huko Ekroni, mwaka 1996, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya mfalme aliyelijengea hekalu mungu wa kike. Mfalme huyo jina lake ni lile lile la Akishi tunalolisoma katika habari za Daudi, ingawa yeye aliishi karne nyingi baadaye. Anaomba mambo manne: mungu wake ambariki, amlinde, amzidishie siku zake, na aibariki nchi yake. Wapendwa, mara ngapi tumeomba hayo hayo hapa, mstari kwa mstari? Nawaambia haya ili tusiwatazame Wafilisti kama vibonzo vya kuchekesha watoto. Walikuwa watu wenye mashamba, wenye watoto, wenye maombi.

Sasa turudi Gaza. Wakuu wa Wafilisti wamekusanyika kumtolea Dagoni sadaka kubwa na kufurahi, kwa sababu Samsoni amekamatwa. Watu wanapomwona wanamsifu mungu wao. Wanasema ni yeye aliyemtia mikononi mwao adui yao, mharibifu wa nchi yao, aliyewaua wengi wao.

Hebu tuwe waadilifu na tuulize: walikuwa wanasema uongo? Rudini sura moja nyuma, ya 15. Samsoni alikamata mbweha 300, akawafunga mikia kwa mikia, akatia mienge, akawaachilia katika mashamba wakati wa mavuno. Yakateketea matita na ngano iliyosimama, pamoja na mizeituni. Anayejua maana ya kuchomewa mahindi yakiwa yamekauka shambani, yakingoja kuvunwa, anajua kwamba huo ni mwaka mzima wa njaa. Na mambo hayakuishia hapo. Watu waliokasirishwa na moto ule walimchoma mke wake na baba mkwe wake. Kwa hiyo katika umati ule wa Gaza kulikuwa na wajane na mayatima. Wimbo wao ulikuwa ushuhuda. Na walipomshika mtu aliyechoma nafaka yao walimpeleka gerezani kusaga. Mnaona jinsi walivyoipanga adhabu? Mharibifu wa nafaka anasaga nafaka, na wimbo wa shukrani unapanda kwa mungu wa nafaka. Kwa macho yao, haki ilikuwa imetendeka kabisa.

Basi walikosea wapi? Tutasema, walikosea kwa kuabudu sanamu. Ni kweli, na Biblia haina shaka juu ya hilo. Lakini tazameni pia namna mambo yanavyokwenda katika mstari wa 25. Mioyo yao ilipochangamka, wakasema Samsoni aitwe ili awachezee. Akatolewa gerezani, kipofu, macho yameng'olewa, kijana akamwongoza kwa mkono. Wakamweka katikati ya nguzo. Juu ya paa peke yake walikuwako watu kama 3,000, wanaume kwa wanawake, wanatazama mtu asiyeona akifanyishwa michezo.

Hapo ndipo sifa iligeuka kuwa kitu kingine. Walianza kwa kumshukuru mungu wao, na kabla ibada haijaisha, mbele ya madhabahu hakuna mungu tena, kuna mtu aliyeanguka na watu wanaomcheka. Hatua ile ni fupi sana. Nadhani hakuna aliyehisi kwamba ameivuka. Ngoma ni zile zile na sauti ni zile zile.

Mwisho wake mnaujua. Samsoni akamwomba kijana amruhusu azipapase nguzo mbili za katikati, akamlilia Bwana, akainama kwa nguvu zake zote. Vijana huniuliza kama nyumba inaweza kuanguka kwa nguzo mbili tu. Mahali panapoitwa Tell Qasile, ndani ya jiji la Tel Aviv la leo, wachimbuaji katika miaka ya 1970 walilifukua hekalu la Wafilisti. Ni dogo, na si lile la Gaza. Lakini paa lake lilibebwa na nguzo mbili za mbao zilizosimama katikati, karibu karibu, juu ya misingi ya mawe. Kwa hiyo aliyeandika habari ya Samsoni alizijua nyumba hizo zilivyojengwa. Na mimi kila nikifikiria nguzo zile, namfikiria pia yule kijana aliyemshika mkono. Biblia haisemi kama alitoka.

Ninyi mnaopenda kusema, "Basi, hao walikuwa Wafilisti, sisi tuko na Mungu wa kweli," nawaomba tufungue 1 Samweli sura ya 4. Hapa wanaoimba ni watu wetu. Israeli wamepigwa vitani, wamepoteza watu kama 4,000. Wazee wanasema, tulileteni Sanduku la Agano kutoka Shilo ili lituokoe. Linakuja, likisindikizwa na Hofni na Finehasi, makuhani ambao tayari tumesoma habari za wizi wao wa sadaka na uasherati wao. Sanduku lilipofika kambini, Israeli wote wakapiga kelele za shangwe hata nchi ikatikisika. Wafilisti walizisikia kutoka kambi yao wakaogopa.

Nikiwa mwanakwaya, nasema hiyo ndiyo sifa kubwa ambayo kwaya inaweza kupewa: nchi kutikisika! Na siku ile ile wakaanguka askari 30,000, Sanduku likatekwa, na wana wa Eli wote wawili wakafa. Shangwe ile haikuwa na toba ndani yake. Walimshangilia Mungu kama mtu anavyoishangilia silaha mpya. Mioyo yao ilikuwa imeshaingia katika hekalu la Dagoni kabla Wafilisti hawajalipeleka Sanduku huko.

Likapelekwa Ashdodi, likawekwa kando ya Dagoni, kama kombe linavyowekwa kwenye kabati. Asubuhi Dagoni yuko kifudifudi mbele ya Sanduku. Wakamsimamisha. Asubuhi ya pili ameanguka tena, kichwa na viganja vimekatika, viko kizingitini. Naomba mtambue jambo moja: usiku ule hapakuwa na Mwisraeli hata mmoja ndani ya nyumba ile. Hapakuwa na kuhani, wala kinanda, wala sauti ya kwanza wala ya nne. Mungu alijitukuza mwenyewe gizani, katika nyumba ya kigeni, bila kwaya. Hilo linatuponya kiburi. Tunaimba kwa sababu yeye ni mkuu. Hajawa mkuu kwa sababu tumeimba.

Na baada ya miezi saba, mapigo yalipozidi, ni nani aliyewahubiria watu wampe utukufu Mungu wa Israeli, wasiifanye mioyo yao migumu kama Farao? Someni sura ya 6. Walikuwa makuhani na waaguzi wa Wafilisti. Mahubiri ya toba yaliyokosekana katika kambi ya Israeli yalitoka kwa watumishi wa Dagoni. Mungu ana njia zake za kutufundisha adabu.

Hekalu la Dagoni linatajwa tena katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 10. Sauli amekufa juu ya mlima Gilboa. Wafilisti wanamkata kichwa, wanakipeleka katika nyumba ya Dagoni, na wanatuma wajumbe kila mahali kutangaza habari hiyo kwa sanamu zao na kwa watu wao. Bila shaka waliimba. Wimbo ni ule ule wa siku ya Samsoni.

Lakini safari hii kulikuwa na mtu mwingine mwenye sababu ya kuimba wimbo wa ushindi. Sauli alikuwa amemrushia Daudi mkuki. Alikuwa amemwinda jangwani kama kware milimani. Alikuwa amempa mtu mwingine mke wake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuchukua kinubi na kumshukuru Mungu kwamba adui ameondoka, ni Daudi. Someni 2 Samweli sura ya 1. Daudi alichukua wimbo, ndiyo, lakini ulikuwa wa maombolezo. Aliagiza habari zisipelekwe Gathi wala Ashkeloni, wasije binti za Wafilisti wakashangilia. Aliwaita binti za Israeli wamlilie Sauli. Alimtaja Sauli pamoja na Yonathani rafiki yake katika pumzi moja, kana kwamba wote wawili walimpenda sawa. Na mstari wa 18 unasema aliamuru wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo.

Hapo ndipo namwona Daudi kama mwalimu wa kwaya. Wakati kichwa cha Sauli kiko katika nyumba ya Dagoni na watu wanakicheka, Daudi amekaa na vijana wake anawafundisha, sauti kwa sauti, namna ya kumlilia adui.

Wanakwaya wenzangu, nimezunguka safari ndefu ili nifike kwenye lori.

Mwaka 1989 kwaya hii ilishinda mashindano. Ngao ile iko ofisini, mnaiona mkienda kulipa michango. Wazee wenzangu wanakumbuka. Tulishindana na kwaya ya parishi jirani, na kwa kweli walikuwa wazuri kutushinda. Lakini katika wimbo wa hiari, msichana wao aliyekuwa akiongoza alipofika juu, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika. Tukashinda kwa alama 2.

Tulirudi nyumbani juu ya lori la muumini mmoja, Mungu amlaze pema. Tulianza kwa pambio la shukrani, tena kwa moyo safi. Halafu kijana mmoja wa sauti ya nne akabadilisha maneno. Akaingiza jina la parishi ile. Akatunga kiitikio ambacho kinapofika mahali fulani sauti inakatika kama ya yule msichana, na lori zima linacheka. Tulipopita stendi, wale wenzetu walikuwa wamesimama pale wakingoja matatu, na mvua ilikuwa imeanza. Dereva akapunguza mwendo. Tukaimba kwa nguvu zaidi.

Kijana huyo aliyetunga maneno ni mimi.

Miaka michache baadaye msichana yule aliolewa katika parishi yetu. Akajiunga na kwaya, sauti ya pili. Kwa miaka mingi niliimba mgongoni pake nikijifanya sijui. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyeongoza wimbo kaburini, na sauti haikukatika. Baada ya mazishi nilimfuata jikoni, mahali akina mama walipokuwa wakiosha vyombo, nikaanza kueleza. Akaniambia, "Kaka, nilikujua kwa sauti yako siku ya kwanza nilipoingia kwaya." Akaniambia pia jambo ambalo hakuna mtu juu ya lori lile alilijua: wiki ile ya mashindano walikuwa wametoka kumzika baba yake. Nikamwomba msamaha. Akasema alishasamehe kabla sijaomba. Kisha akaongeza, bila uchungu, "Lakini ule wimbo nakumbuka maneno yote."

Nimemwomba ruhusa ya kuyasema haya, akanipa kwa sharti nisimtaje jina. Yuko hapa.

Ndiyo maana nimewaletea Dagoni usiku wa furaha. Kwaya ina nguvu ambayo mhubiri hana. Hotuba hii mtaisahau kabla ya chai. Lakini neno likiwekwa kwenye sauti, likapewa kiitikio, linakaa kwa mtu miaka 30, liwe jema au baya. Tulipokuwa juu ya lori lile tulikuwa na jina la Yesu midomoni, na ngao mkononi, na kwa muda wa maili chache tulikuwa kwaya ya hekalu la Gaza. Hakuna aliyetuambia, kwa sababu tulikuwa tukiimba vizuri.

Kwa hiyo, vijana mnaochukua kijiti, sina ushauri juu ya kinanda na ngoma. Hiyo kesi mtaimaliza wenyewe. Naomba moja tu. Mkimaliza kufundishana wimbo wowote, hasa wa ushindi, ulizeni: katika wimbo huu adui ni nani? Kama adui ni dhambi, mauti na Shetani, imbeni hadi nchi itikisike. Kama adui amepata uso, kama mnaweza kumwona jirani fulani, au kanisa fulani, au kabila fulani, au mwanakwaya aliyetoka kwa hasira mwaka jana, teremsheni wimbo huo. Na kama mtu huyo ameanguka kweli, fanyeni kama Daudi. Tungeni wa kumlilia, mkawafundishe na watoto.

Kesho mchana mtaona jambo ambalo halipo katika ratiba iliyochapishwa. Kwaya ya parishi ile jirani, wageni wetu waliokaa safu zile za kushoto, watasimama pamoja nasi, tuimbe wimbo mmoja. Mwalimu wao na mwalimu wetu wamefanya mazoezi kimya kimya wiki tatu. Mimi nimeruhusiwa kusimama nyuma kabisa, katika sauti ya nne, na nimeahidi kuimba maneno kama yalivyoandikwa.

Mungu aibariki kwaya yetu katika miaka 50 ijayo, na azilinde nyimbo zake. Bwana asifiwe.